Siku Mkato Alipompitisha Afisa Machimboni

Mdogo wangu alikuwa bahili wa kila kitu, hata wa hatua zake mwenyewe. Ukimtuma maji, kwanza atapiga hesabu kama ndoo mbili zinabebeka safari moja. Ukimsemesha, atakujibu neno moja pale ambapo mwingine angekupa kumi na kukusindikiza hadi mlangoni. Mama alimsifu. Alisema huyu hatapoteza kitu maishani. Mama alisema mengi.

Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, yeye ni kitinda mimba, kwa hiyo nimembeba mgongoni na ninamjua.

Watu walimwita Mkato. Jina alilipata ujanani, alipokuwa dereva wa lori la mbao, kwa sababu kila safari alirudi na njia mpya, fupi kuliko ya jana. Wenzake bado wanazunguka, yeye keshafika, keshashusha, kalala chini ya lori miguu nje. Tajiri wake alimpenda kwa hilo. Mkewe hakumpenda kwa hilo wala kwa lingine. Alikaa naye miaka sita, akachoka kuishi na mtu anayesema kama analipia maneno, akamchukua binti yao akaenda kuishi kwa kaka yake, mji wa mbali. Simlaumu yule wifi yangu. Simsalimii, lakini simlaumu.

Basi Mkato akabaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, karibu na machimbo ya mawe yaliyofungwa zamani. Nyumba ya mwisho kabla ya shimo. Kitanda kimoja, kiti kimoja. Nikienda, mmoja anakaa kitandani, mwingine kwenye kiti. Nikamwambia nunua kiti cha pili. Akaniuliza, "Cha nani?"

Alipofika miaka hamsini na kitu, shule yetu ikapata gari.

Hapa nieleze, maana watu wakisikia serikali inalipia shule wanadhani inalipia yote. Serikali inatoa fedha ya kila mtoto, sawasawa shule zote: mishahara ya walimu, vitabu, chaki. Hiyo inakuja yenyewe. Lakini choo kikibomoka, au mtoto akiwa haoni ubao, au akiwa anakaa mbali, hiyo ni fedha nyingine, na haiji yenyewe kama mvua. Inaombwa. Inajaziwa fomu, inakaguliwa, na baada ya miaka inakaguliwa tena, kwa sababu serikali inaamini watu tunaweza kuhamisha nyumba zetu ili tuibe mafuta ya gari.

Fedha ya usafiri ilikuwa na sharti moja. Mtoto awe anakaa kilomita tano au zaidi kutoka shuleni, kwa njia fupi kabisa inayopitika na gari. Mtaa wetu wa juu, nyuma ya machimbo, ulikuwa na watoto thelathini na mmoja, na barabara inazunguka kilima, inashuka mpaka darajani, inapanda tena. Kilomita sita na nusu. Tukaomba, tukapata. Serikali ikalipia gari, mafuta na dereva, na dereva akawa Mkato.

Miaka minane aliendesha lile gari. Siku moja nilipanda, nikiwa na safari ya kliniki, nikajua kwamba mtu unaweza kumlea na bado humjui. Huyu ambaye sijamsikia akimaliza sentensi tangu tulipomzika mama, alikuwa anabishana na watoto.

"Babu Mkato, kuku ana masikio?"

"Anayo. Wewe ndiye huna, nimekwambia ukae chini."

"Yako wapi?"

"Kayaficha. Kachoka kumsikiliza jogoo."

Watoto wakacheka, naye akaangalia kwenye kioo kuhakikisha wamecheka. Nikajifanya natazama nje.

Kila likizo aliumwa. Mara kiuno, mara jino, mara kichwa upande mmoja. Shule ikifunguliwa, kapona. Nilimwambia huo ugonjwa wako una kalenda. Aliendelea kuosha gari alilokwisha kuliosha jana yake.

Sasa, ile njia ya machimboni. Ilianzia mlangoni pake, ikapita ukingoni mwa shimo, ikatokea nyuma ya shule. Wanaookota kokoto walipita hapo, wenye mbuzi walipita hapo. Gari pia lilipita, ila alilipitisha yeye tu, maana ukingo ulikuwa unamomonyoka, na upande mmoja tairi lilikuwa hatua mbili kutoka shimoni. Watoto hakuwapitisha hapo hata siku moja. Akishawashusha shuleni asubuhi, ndipo anarudi nyumbani kwa mkato, kuokoa mafuta ya serikali ambayo serikali haikumwomba aokoe. Gari lina watoto, barabara. Gari tupu, machimboni. Miaka minane, mikono yake ilikuwa haimuulizi tena.

Mwaka wa tisa akaja afisa wa kupima. Dada mmoja, bado kijana, viatu safi, faili kalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Alifika saa nne, watoto wako darasani. Mwalimu mkuu, mama mmoja mzuri tu ila mwoga wa wakubwa, akamwita Mkato akamwambia, "Dereva, mpeleke afisa mpaka nyumba ya mwisho kule juu, akapime." Hakumwambia kwa njia ipi. Nani angefikiri kumwambia?

Wakapanda wawili tu. Gari tupu.

Haya alinisimulia yeye mwenyewe, mara moja, na mimi nikamfanya arudie. Anasema alikuwa anawaza tairi la nyuma, kama lina upepo wa kutosha. Anasema alishtukia wametokea mlangoni pake. Wakasonga mpaka nyumba ya mwisho ya mtaa wa juu, afisa akainama akasoma ile mita ya kilomita pale nyuma ya usukani. Nne na nusu.

"Mzee, wewe kazi unaijua," afisa akamwambia. "Wengine wangenizungusha mpaka jioni."

Na yeye akafurahi. Hapo ndipo ninapomshika mimi. Kukosea njia ni mikono, mikono haina akili. Lakini kufurahi ni yeye mwenyewe.

Alipomwona anaandika ndipo akaamka.

"Hii siyo njia ya watoto," akasema.

"Lakini ni njia?"

"Napita mimi tu. Gari likiwa tupu."

"Gari limepita, mzee. Nilikuwa ndani."

"Turudi kwa barabara, upime tena."

"Fomu inauliza njia fupi inayopitika," afisa akasema. "Haiulizi wewe unapenda ipi." Akafunga faili.

Mwanamume mwingine angelia, angegoma, angezima gari katikati ya barabara. Huyu wangu alirudi kwa ile barabara ndefu, kilomita zote sita na nusu, kimya, akitegemea afisa ataangalia mita. Afisa alikuwa anaangalia simu yake.

Baada ya mwezi barua ikaja. Watoto wa mtaa wa juu hawakai mbali, wanaweza kutembea. Gari likachukuliwa.

Wakatembea. Na mtoto ni mtu kama watu wengine, ukimwambia hii ni sita na nusu na ile ni nne na nusu, hakuna haja ya kumuuliza atapita wapi. Wote wakapita machimboni. Asubuhi Mkato anatoka nje kuwasimamia pale mwanzo, anawapanga mstari, anawapeleka mpaka ng'ambo ya shimo, mchana anawafuata. Mama zao wakasikia, wakawakataza wasimfuate. Mmoja aliniambia machoni pangu, "Bibi, huyo ndugu yako alishatuongoza ikatosha." Alikuwa amesema kweli. Mkato akaacha kutoka nje. Akawa anawasikia wakipita, akiwa ndani.

Mvua zilipoanza, mjukuu wangu aliteleza. Wa miaka minane, mtoto wa binti yangu wa pili. Hakuangukia shimoni, aliangukia upande wa mawe, mkono wa kulia ukavunjika mara mbili. Mpaka leo haunyooki. Kitambaa cha kichwa anakifunga kwa mkono mmoja na meno.

Ukaitishwa mkutano wa wazazi, darasani, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Mkato alisimama ukutani karibu na mlango. Hakuna aliyemsogezea nafasi.

Fundi viatu akaanza, maana huyo hajawahi kuona moto asiutie kuni. "Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Ya huyu bwana, hata mwongo angesema hapana, hii imezidi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumnyamazisha.

"Mkato, hebu tuambie," akaendelea, "siku ya kufa utapita wapi, ili sisi tupite kwingine?"

"Fundi, inatosha," mwalimu mkuu akasema. Akatoa karatasi. Akasema amekwenda ofisini mara nne, na ofisi imekubali kupima upya kwa sharti moja. Dereva aandike na kutia sahihi kwamba siku ile alimpitisha afisa mahali pa hatari pasiporuhusiwa, akahatarisha gari la serikali na mtumishi wa serikali. Hapo njia ile itafutwa kwenye hesabu. "Ila kuna hili lingine," akasema, akashusha sauti. "Dereva akitia sahihi hiyo, gari la serikali hataligusa tena. Hata hili likirudi."

Kila mtu akamtazama yeye ukutani. Walikuwa wanajua, kama nilivyojua mimi, kwamba lile gari lilikuwa ndiyo nyumba yake, na ile ya machimboni ni mahali pa kulala tu.

"Dereva, sikulazimishi," mwalimu mkuu akasema.

"Mlazimishe," nikasema mimi.

Vichwa vikageuka.

"Ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Nimembeba mgongoni. Mlazimishe."

Mkato hakunitazama. Alitoka ukutani, akapita katikati ya madawati, akafika mezani. "Kalamu," akasema. Akaandika alichoambiwa, neno kwa neno. Akatia sahihi, akarudi kusimama palepale mpaka mkutano ukaisha, kana kwamba kuna kitu kingine angeweza kuulizwa. Hakuulizwa.

Akaja afisa mwingine, mtu mzima, akapelekwa kwa barabara. Sita na nusu. Muhula uliofuata fedha ikarudi na gari likarudi. Dereva mpya ni mwanamke wa makamo, mnene, anapiga honi kila kona na anawafahamu watoto wote kwa majina ya baba zao. Ni mzuri. Sina la kumsema, na nimetafuta.

Kwa kuwa ile karatasi aliyotia sahihi Mkato ilisema njia ni ya hatari, ofisi ikaagiza ifungwe. Ikaleta mtambo, ukapanga mawe makubwa pande zote mbili na kibao chekundu. Upande mmoja ni nyuma ya shule. Upande wa pili ni mlangoni pa Mkato. Sasa waokota kokoto hawapiti, mbuzi hawapiti, watoto ndiyo kabisa. Kufika kwake unaingia na kutoka kwa njia ileile, na nani atakuwa na haja? Wazazi hawana kinyongo tena, gari si limerudi. Hawana kinyongo na hawana habari. Fundi viatu juzi aliniuliza kama bado yupo hai.

Mimi naenda kila Ijumaa. Nampelekea unga na sabuni, na kiberiti anachokitumia nusu nusu. Kupeleka unga si kusamehe, ni unga tu. Nakaa kitandani, yeye kwenye kiti. Tunakaa. Anaamka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, ananawa, anavaa shati lake la kazi, halafu anakaa. Nililijua hilo kwa kuona kola ya shati imeisha na haendi popote.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimeshasimama kuondoka akasema, "Dada."

"Nini?"

"Mtoto anakaa upande gani kwenye gari?"

Nikajua mtoto yupi. "Wa kulia," nikasema.

"Akae kushoto, dirishani. Pale pana chuma cha kushika. Ile kona kabla ya daraja inatupa watu. Ashike kwa mkono mzima."

Ni maneno mengi kuliko aliyonipa mwaka mzima. Alikuwa ameyapanga, nilimwona. Labda alianza kuyapanga tangu Jumatatu.

"Mkono wa yule mtoto si kazi yako," nikamwambia.

"Ndiyo, dada."

Alinisindikiza mpaka kwenye kona ya nyumba, akasimama hapo. Sikugeuka nyuma.

Nilipofika nyumbani mjukuu wangu alikuwa anapiga pasi sare yake kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia kuanzia Jumatatu akae kushoto, dirishani, ashike kile chuma. Akaniuliza nani kasema.

Nikamwambia nimesema mimi.