Simu ya Getini

Baba hajawahi kuonja pombe maisha yake yote, lakini sijaona mtu aliyeiogopa kama yeye. Tangu tupate kazi ya kubeba wafanyakazi wa mgodi, pombe iliweza kutufilisi bila hata kukanyaga nyumbani kwetu. Kila asubuhi pale getini mgodini, dereva alipuliza kimashine cha kupima pombe. Kikionyesha amekunywa, harudishwi yeye peke yake. Mkataba wetu wote unafutwa.

Tulianza na Noah moja, tukafika Coaster tatu. Nyumba yetu ya Manyamanyama, hapa Bunda, tuliiweka dhamana benki, na majirani wakaanza kutuita matajiri. Utajiri gani huo, watu mnaishi roho juu! Coaster ya tatu alipewa baba mdogo, aliyekunywa gongo miaka mingi kabla ya kuacha. Baba alisema damu ni nzito kuliko maji, ila aliyasema hayo akitazama chini. Baba mdogo alikuwa akilala na gari Musoma, kule Kigera, abebe wafanyakazi wa huko, sisi tuko Bunda. Nani angemnusa? Kwa hiyo akishapita getini alitakiwa apige simu, aseme neno moja tu: "Nimepuliza." Kabla hajasema, hakuna aliyegusa chai.

Asubuhi moja ya mvua simu haikuita.

"Huyu si anapigaga mapema?" mama aliuliza.

Baba akampigia, hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Nilijaribu kumfikiria baba mdogo yuko wapi saa hizi, nikamwona ameshika chupa. Sikuweza kumwona akiwa na kitu kingine chochote.

Mwishowe ikaita namba ngeni. Baba akaweka laudispika ili tusikie wote. Mwanamume tusiyemjua alisema yuko barabarani, amepita Butiama kidogo, na hapo mbele yake kuna Coaster iliyoteleza kwenye tope ikalala ubavu. Abiria wametoka, wamechubuka tu. Dereva bado yumo ndani, amebanwa miguu, na ndiye aliyemtajia namba hii.

Mama alishika kichwa. Baba aliinama karibu kabisa na simu.

"Amekunywa?"

Yule mtu akamsogezea dereva simu. Tulisikia mvua ikipiga bodi ya gari, na watu wakiitana watafute jeki. Kisha ikaja sauti nyingine, ya chini, inayohema.

"Sijanywa, kaka."