Mwana wa Mfalme Afunguliwe Kwanza

Juzi asubuhi msafara wa bara ulikwama hapa Bagamoyo kwa ajili ya mwana wa mfalme. Bibi muuza vitumbua huwahadithia wajukuu zake, kila siku kipande, habari za mwana huyo, kijana aliyerogwa na jini akafungwa shimoni. Mpagazi mmoja, msikilizaji wa kila siku, akatua mzigo.

"Bibi, siendi bara nikamwacha amefungwa."

Kiongozi wa msafara akafoka. Bibi akapangusa mikono, akaimaliza hadithi papo hapo: akamfungua kijana, akamfikisha kwao.

"Mamake alimtambua?" akauliza kiongozi, sauti imeshuka.

"Kwa kovu la kidole."

Mpagazi akajitwika mzigo. Mungu amrudishe salama, maana namshukuru: hiyo ilikuwa siku ya sita nami niko barazani karibu yao, najifanya nashona kofia, naona haya kuuliza mwisho wake.