Mbwa wa Marehemu Alipoacha Kula

Najua wapo mtakaosema mwanamke mwenye mtoto mchanga halali, na asiyelala huona vitu. Semeni. Mie nilikuwa macho, nimejifunga kanga mbili, mtoto mgongoni, ufunguo wa geti nimeubana kifuani. Yalitokea Tegeta, na mbwa mwenyewe yupo, amelala hapa mlangoni wakati naandika. Anayebisha aje amtazame.

Nianze na hasira yangu, maana bila hiyo hasira nisingekuwa na cha kusimulia.

Baba wa mwanangu alikwenda Mwanza kutafuta maisha. Nadhani aliyapata, kwa sababu simu yake haijapatikana tena. Nikabaki na mwanangu Tunu wa miezi minne, sina pa kukaa. Mama mmoja wa kanisani akaniunganisha na Dada Tumaini, ambaye baba yake mzazi alikuwa ametoka kufariki. Dada Tumaini anakaa Msasani. Nyumba ya mzee kule Tegeta ilibaki imefungwa, uani kuna chumba kimoja, na ndani ya ukuta kuna mbwa. Akanipa kile chumba nikae bure kwa sharti moja tu: Jembe asikonde.

Jembe ndiyo mbwa. Wa kahawia, miguu mirefu, hatulii. Anazunguka ukuta toka asubuhi hadi jioni kama mtu aliyepoteza ufunguo. Dada Tumaini aliniambia baba yake alikimbia naye kila alfajiri kwa miaka, na hakumwacha anenepe wala akonde. Kilo ishirini na tano, basi. Akanikabidhi kopo tupu la maziwa ya unga, akaniambia kipimo ni hilo: kopo moja la ugali wa dona kila asubuhi, uchanganye na dagaa wa kusaga na masalia ya buchani.

Kila Jumamosi alikuja na mizani ya kupandia kwenye mkoba. Anapanda peke yake, anasoma. Anambeba Jembe, anapanda tena, anasoma. Anatoa. Mwanangu mwenyewe hajawahi kupimwa namna hiyo. Jembe alianza na ishirini na tano. Wiki ya tatu ishirini na nne. Ikaja ishirini na tatu, ikaja ishirini na mbili.

"Mzee asingependa kumwona hivi," Dada Tumaini anasema, ananitazama mie, si mbwa.

Mzee, mzee. Mie huyo mzee sikuwahi kumwona hata kwenye picha. Alisafirishwa Iringa kwao, akazikwa huko, matanga wakaanua huko huko. Kilichobaki Dar ni mbwa wake na lawama zake, na vyote nimeachiwa mie.

Na lawama hazikuishia kwa Dada Tumaini. Mama wa maandazi jirani yetu akaniuliza mbele ya wateja kama siku hizi nakula na mbwa au namlia mbwa. Watu wakacheka. Mie mwenyewe nilikuwa nanyonyesha huku tumbo linanguruma, na yule mbwa anapata dagaa kila siku! Kibaya zaidi, kwa macho kweli ilionekana namnyima. Mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani.

Nikamwita bwana mifugo. Akampa dawa ya minyoo, akamtazama meno, akampapasa. Akasema mbwa mwenye afya mbavu zake unazipata kwa vidole, huzioni kwa macho, na huyu tumezidisha. Lakini hana ugonjwa. Kisha akamwinua mguu, akautazama chini kwa muda.

"Huyu anakimbizwa sana," akasema. "Mnampa kopo moja? Haliwezi kumtosha."

Nikamwambia anakimbizwa na nani, mbona geti nafunga mwenyewe? Akanionyesha nyayo. Zimelika, na katikati ya vidole kuna vumbi jeupe. Uani kwetu udongo ni mweusi. Vumbi jeupe lipo kule juu kilimani, kwenye machimbo ya mawe, na mpaka huko ni mwendo.

Nikasema hapa kuna mtu. Kuna mtu anamtoa mbwa wangu, anamchosha, anamrudisha, mie ndiye nitakayefukuzwa. Maana Dada Tumaini alikuwa ameshasema: Jumamosi ijayo mbwa akiwa hivyo hivyo, nitafute pengine. Pengine wapi?

Hapa nisimame kidogo niwaambie jambo, mlikumbuke baadaye. Tunu siku hizo alikuwa analia mno. Na mnaijua ile kauli yetu akina mama, mtoto akikuchosha unamwambia yeyote anayepita, mchukue huyu uende naye. Mtu anacheka, anapita. Mie nilikuwaga naisema pale getini karibu kila siku. Asubuhi hasa, kwa hao wapita njia wenye kukimbia mazoezi. Wengine hata siwatazami usoni.

Jumatatu nikaamka saa kumi na moja alfajiri. Nikamfunga Tunu mgongoni, nikatoka. Jembe hayupo uani. Nikapapasa kifua, ufunguo upo. Geti limefungwa, kufuli baridi. Ukuta ni mrefu, hakuna tundu, nilishaukagua wote. Sasa katokaje? Mpaka leo sijui, na msiniulize.

Nikafungua. Hao hapo, wanakuja taratibu kutoka upande wa kilimani. Mbwa ulimi nje, na mwanamume mtu mzima, mrefu, suti ya michezo ya bluu, taulo shingoni. Kiatu chake kimoja kilikuwa na kamba ya kawaida, cha pili kimefungwa kwa kamba ya katani. Niliona vizuri, kulishaanza kupambazuka.

Sikumsalimia. Hilo nalo mlikumbuke. Mtu mzima yule, umri wa baba yangu, na mie sikumpa shikamoo. Nilimvaa moja kwa moja. Nilimwambia kama hana mbwa anunue wake. Nilimwambia kuna mtoto hapa mgongoni atalala nje kwa sababu ya mazoezi yake. Niliyasema mengi, mengine siyaandiki.

Yeye akachuchumaa, akampapasa Jembe mbavu kwa vidole viwili, polepole, kama anahesabu.

"Unampa makopo mangapi?"

"Moja, kama nilivyoagizwa. Wewe unahusika nini?"

"Chakula cha huyu kinafuata miguu," akasema. "Hakifuati jua. Akikimbia, makopo mawili na mafuta kidogo. Asipokimbia, moja. Anayempa moja huku anakimbia, anamla."

Anamla. Na yeye tena! Damu ikanipanda kichwani.

"Kama una uchungu naye hivyo, mchukue. Mlishe wewe."

Akasimama. Akafuta mikono kwenye taulo.

"Haya. Umesema."

Akageuka, akarudi njia aliyotokea. Jembe akaingia ndani mwenyewe, akalala.

Nikampikia. Sikutaka kumtii yule mtu, lakini nikapima mawili. Jembe akanusa, akaenda kulala kivulini. Jumanne hakula. Jumatano nikaweka utumbo uliojaa mafuta, hakula, sisimizi wakala. Nililia kweli. Nikaanza kukunja nguo za mtoto, maana mbwa asiyekula siku tano Jumamosi atakuwa na kilo ngapi?

Dada Tumaini akaja, akapanda mizani, akambeba mbwa, akapanda tena. Akatoa hesabu yake kwenye simu. Akarudia.

Ishirini na tano na nusu.

Akanishika mkono. Kwa mara ya kwanza akaniita mdogo wangu, akasema asante, baba angefurahi. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mie sikuweza. Nilimshika Jembe mbavu mwenyewe, nikazipata chini ya nyama, nyama mpya, laini. Imetoka wapi? Sufuria la chakula cha jana lilikuwa pale pale, limejaa, limechacha. Nikamwonyesha. Halafu nikamweleza yote, yule mwizi wa mbwa, suti ya bluu, maneno yake ya miguu na jua.

Nilipofika kwenye kamba ya katani Dada Tumaini alikaa chini. Alikaa juu ya ile mizani, na ikasoma, namba zikawaka pale pembeni ya sketi yake.

Akasema Jembe ndiye aliyetafuna kamba ya kile kiatu, na mzee akagoma kununua nyingine. Akasema viatu vile alimvisha yeye kwa mikono yake, kwenye sanduku, kabla ya safari ya Iringa.

Akampigia shangazi yake huko Iringa, akaweka sauti nje ili wote tusikie. Bibi yule hakushangaa hata kidogo. Alisema matanga walianua Iringa, nyumba ya Dar hakuna aliyekwenda kuiambia kwamba msiba umekwisha, wala huyo mbwa. Kisha akataka kuzungumza na mie.

"Ulimsalimia?"

Nikasema hapana, shangazi.

"Na mbwa ulimpa kwa mdomo wako?"

Nikasema ndiyo, nilimwambia amchukue.

"Basi umempa. Tumaini hawezi kumrudisha, wala mimi. Kamwombe wewe. Na uwahi, mwanangu. Anayeshiba huko, huishia huko."

Mnadhani Dada Tumaini alibaki kunisindikiza? Alichukua mkoba, akawasha gari, akarudi Msasani. Mizani aliiacha. Nilimtukana mpaka gari likapotea barabarani, kimoyomoyo na kwa sauti. Kisha nikakaa. Ningeweza kuondoka usiku ule. Lakini mbwa akifa hapo, mie na Tunu hatuna mlango wa kufunga.

Alfajiri nikafungua geti, nikasimama. Tunu mgongoni, nimwache na nani? Wakaja vile vile. Safari hii Jembe alikuwa na kamba shingoni, na mzee ameishika. Nikapiga goti moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Sauti ya kawaida kabisa. Hiyo ndiyo iliyonichanganya zaidi. Ukitegemea mzimu, halafu ukaitikiwa marahaba kama uko dukani, unafanya nini? Nikamwambia nilikosa adabu, nilisema kwa hasira, nimekuja kumwomba mbwa. Nikamwambia pa kulala petu ni mbwa huyo.

Jembe alikuwa anamtazama yeye tu.

"Utamkimbiza?"

"Nitamkimbiza."

"Na chakula?"

"Kitafuata miguu."

Akaninyooshea kamba. Ilikuwa imelowa, baridi, kama imetoka kwenye ndoo. Nikaishika kwa mikono miwili. Nikadhani yameisha. Akainama kidogo, akatazama juu ya bega langu.

"Na huyo? Naye umesema mara nyingi kupita mbwa. Anashiba?"

Nilikwambieni mkumbuke. Mie nilikumbuka pale pale, asubuhi zote zile, wapita njia wale nisiowatazama usoni. Nikasema, "Anashiba. Namlisha mwenyewe. Ni wangu, simpi mtu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, au kama mtu aliyesikitika, sikujua. Akaenda. Jembe alilia hadi watu wakatoka nje.

Siku hiyo Jembe alikula makopo mawili, akaramba sufuria, akalala kutwa. Dada Tumaini haingii tena ndani ya geti. Jumamosi anasimama barabarani, mie nampima mbwa, namtamkia kilo kwa sauti. Ishirini na tano. Chumba ni changu mpaka nichoke. Na kila alfajiri nakimbia na Jembe mpaka machimboni, Tunu mgongoni, mama wa maandazi anacheka mpaka anakaa. Aliyekonda sasa ni mie. Nimemwambia Dada Tumaini kama chakula kinafuata miguu, basi na mie ninayo, na sasa analeta mchele.

Lakini sijatulia. Mwezi uliopita Tunu alikataa uji asubuhi. Akageuza uso, taratibu, kama mtu aliyeshiba. Hakulia. Kliniki wakasema uzito wake umepanda vizuri, nimlishe hivyo hivyo. Kesho yake alikula. Ilikuwa asubuhi moja tu, labda ni meno. Nakaa najiambia ni meno.

Kwa hiyo kila siku nikifungua geti, barabara tupu, naanza na shikamoo. Halafu nasema kwa sauti, wenye kucheka wacheke, huyu ni wangu, namlisha mwenyewe.

Na wewe mama unayesoma haya, mtoto amekuchosha, geti liko wazi, kuna mtu anapita. Funga mdomo. Sio kila anayepita anajua kwamba unatania.