Mtini Uliopigiliwa Ukutani

Madam wetu wa Al Thumama, mtaa wa Doha, alikuwa Mwingereza, na hakuna siku iliyopita bila kutusimulia habari za babu yake na miti yake ya matunda huko kwao. Mimi nilimpikia na kumfulia. Bustani aliitunza Mganda mmoja, mtu mzima, mpole hadi anakera.

Mganda huyo alitaka jambo moja tu: kufika nyumbani Masaka kabla macho ya mama yake hayajazima kabisa. Bado mama aliweza kuona sura ya mtu akisogezewa karibu. Alipoomba ruhusa, Madam alimwonyesha mtini ambao haukuwa umezaa tangu upandwe. "Huu ukizaa, utakwenda," akasema, kwa uchangamfu wa mtu anayemwonyesha mtoto peremende. Nilitamani kummwagia chai.

Basi mti ukashughulikiwa kama alivyofanya babu. Kwa maneno yake, mtini ukistarehe huota majani na kusahau kuzaa, kwa hiyo dawa ni kuunyima raha. Tuliuchimbua, tukaukata mizizi, tukaufungia ndani ya kishimo cha matofali. Kisha matawi tukayatandaza kwenye ukuta unaotazama kusini, tukayapigilia kwa misumari na vipande vya kitambaa. Uingereza, ukuta wa namna hiyo huukusanyia mti kajua kadogo kanakopatikana. Doha, ukiugusa mchana unaacha ngozi. Sisi wawili hatukujua mambo ya kusini wala kaskazini, kwetu mti hupandwa palipo na nafasi. Tulishika nyundo, Madam akashika kikombe.

Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, baada ya ibada ya kanisa kule Mesaimeer, Mganda alinivuta pembeni.

"Dada, tuombee ule mti."

"Kaka, mti hauombewi."

"Yesu alilaani mmoja. Huu mwingine anaweza kuubariki."

Majani yakaungua yote. Madam akakumbuka kwamba babu pia aliuchapa fimbo mti mkaidi, ili uogope. Siku ya kwanza Mganda aliuchapa huku machozi yakimlengalenga. Baadaye alizoea, akawa anaupiga kwa hasira na kuutukana kwa Kiganda. Mimi nilimtazama kutoka dirisha la jikoni na, niseme kweli, nilifurahi kuona kuna kitu kinachoteseka kuliko sisi.

Msimu uliofuata mti ukazaa. Tini ndogondogo zilijazana kwenye vijiti vilivyokuwa karibu uchi. Mganda alikuja mbio hadi jikoni.

"Dada, umezaa! Naenda kwa mama!"

Akateremsha sanduku lake kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja mashati.

Madam alikula tini ya kwanza akiwa amesimama bustanini, amefumba macho. Alipoyafumbua akamwambia, "Ungekwenda mwaka jana, nani angeutesa vizuri hivi? Nawe uko hivyohivyo, ukibanwa ndipo unafaa. Tungoje msimu mmoja zaidi." Nilisubiri aseme anatania. Alinipa bakuli nikazichume zilizobaki.

Mganda alirudisha sanduku juu ya kabati. Alirudi kumwagilia, nami nilimchukia kwa upole wake. Tini za pili zilikuwa bado mbichi ndugu yake alipopiga simu. Alimfuata Madam barazani akiwa amevua kofia, akamwambia kwamba mama haoni tena, hata akisogezewa mtu usoni.

"Pole sana," Madam akasema, na nadhani alimaanisha. "Basi hakuna haraka tena."