Kitanda cha Mwokaji

Keike Nahmens alikuwa na mdomo, tusifichane. Ukiingia bekari yake kununua skonzi, pale kijijini kwake kisiwani Sylt, ulitoka na skonzi na hotuba ya nyongeza. Hotuba yenyewe ilikuwa ileile: matajiri wa mjini Hamburg wamenunua nyumba zetu zote, wanakuja wiki mbili za kiangazi, wanafunga madirisha, hao wameondoka.

"Kijiji gani hiki!" alikuwa akifoka. "Mwezi wa pili, baridi ikikaza, ukipiga kelele hapa, anayekuitikia ni kondoo!"

Na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Alizaliwa ghorofani, juu ya bekari hiyohiyo, akaolewa humohumo na mwokaji wa baba yake, jina lake Boy. Boy alipofariki akabaki na tanuri na Thore. Thore Lützen alikuwa fundi haswa, ila alikaa bara, maana kisiwani hapakuwa na chumba ambacho mshahara wa mwokaji ungekimudu. Kila siku alivuka kwa treni ya kwanza, juu ya tuta la baharini linalounganisha kisiwa na bara. Upepo ukichafuka treni haivuki, na treni isipovuka hakuna skonzi.

Siku moja ya majira ya machipuko Thore alivua aproni akaiweka mezani.

"Mama Keike, nimechoka. Mke wangu Svea ana mimba, na kule bara kuna kiwanda cha mikate kinanitaka. Kiangazi kikiisha naondoka."

"Thore, usiniue!"

"Basi nitafutie pa kulala hapa. Nikipata, sibanduki."

Bila Thore bekari ilikuwa imekwisha, na Keike alilijua hilo. Akazunguka kijiji kizima akiulizia chumba, akakosa. Mwisho akaenda kwa Ocke, ndugu wa marehemu Boy, mtani wake wa miaka yote. Alimkuta mguu wake mbovu ameuweka juu ya kiti, anakunywa chai.

"Shemeji, ile nyumba yako ya uani mpangishe Thore."

"Kwa mshahara unaomlipa wewe?" Ocke alicheka mpaka chai ikampalia. "Mgeni wa wiki moja ananipa zaidi kuliko mwokaji wako kwa mwezi mzima. Kwani huko juu kwako wanalala popo?"

"Juu kwangu ni kwa wageni wangu wa kiangazi, akina Brinkmann! Wanakuja tangu Boy yu hai!"

"Aa, kumbe. Wachoyo ni wenzako."

Keike aliondoka bila kuaga. Neno lile lilimkera wiki nzima.

Jumamosi, siku ya kubadilisha wageni, alitoka chumbani kwake nyuma ya tanuri, akapanda juu kusafisha. Akatandika kitanda, akanyoosha shuka, kisha akageukia meza. Ilijaa makombo ya skonzi zake mwenyewe. Akayazoa kwa kiganja, halafu akasimama nayo mkononi. Wageni wale walizifuata skonzi. Skonzi zilimtaka Thore. Thore alitaka kitanda. Na kitanda ndicho kile, amekitandika sasa hivi, amewapangisha walaji wa skonzi!

"Mjinga ni mimi," alisema kwa sauti. Aibu ikampanda hadi masikioni, akikumbuka hotuba zake zote.

Aliogopa pia, jamani. Kodi ya wageni ndiyo iliyomvusha kila majira ya baridi. Lakini alishuka akampigia simu Bi Brinkmann kabla moyo haujamgeuka.

"Mtanisamehe. Mwaka huu ndio wa mwisho hapa kwangu."

"Ala! Tutalala wapi, Keike?"

"Kwa Ocke. Atawakamua, lakini mtapona."

"Na skonzi?"

"Skonzi zipo."

"Basi tutakuja," alisema Bi Brinkmann, akicheka.

Majani yalipoanza kupukutika Thore na Svea wakahamia juu. Keike akapandisha bei ya skonzi kidogo. Watu wakanuna, wakanunua. Na kwa kuwa mwokaji alishuka ngazi tu, mkate ulikuwa moto kabla ya treni ya kwanza. Mafundi na wapishi walioteremka kwenye treni hiyo, maskini, nao wote hawana pa kulala kisiwani, wakaanza kupitia pale. Keike hakutajirika. Alilala usingizi mzito, basi.

Mwezi wa pili dhoruba ikafunga tuta siku mbili. Bekari ya Keike ilinukia mkate, na foleni ilifika barabarani. Ocke akaingia akichechemea.

"Shemeji, nasikia umefilisika."

"Nimefilisika vizuri tu. Unataka ngapi?"

Juu, kitoto cha Thore kikaanza kulia. Ocke akatazama dari. Alichukua mfuko wake, lakini hakuondoka.

"Yule nesi wangu," alisema polepole, "anayenifunga kidonda cha mguu. Jana hakuja. Leo hakuja. Anakaa bara, na treni haivuki." Akakohoa. "Hivi ataitaka ile nyumba yangu ya uani?"

Hotuba ilikuwa tayari imefika ulimini. Kwa mara ya kwanza maishani Keike aliimeza.

"Muulize," alisema, akamwongezea skonzi moja. "Muulize mapema, Ocke, kabla hajachoka."