Kijerumani Changu cha Kujiosha

Mimi ndiye yule karani wa shamba la kahawa hapa Ruiru aliyejisifu kwamba anajua Kijerumani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekariri ukurasa mmoja tu wa kitabu kikuukuu.

Juzi mashine ikakwama, kahawa ikaanza kuoza, akaletwa fundi Mjerumani kutoka Thika. Bwana akaniita nitafsiri, vibarua wote wakitazama. Ngai! Nikakohoa, nikamsomea fundi ukurasa wangu wote kwa Kijerumani: ninajiosha, unajiosha, anajiosha, mpaka wanajiosha.

Alinisikiliza kwa adabu, kofia mkononi. Kisha akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, nikashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Asante, karani. Nimekaa Tanga miaka mingi. Sasa kwa kuwa sote tumeshajiosha, mashine iko wapi?"