Jenereta Tisa za Marshalltown

Moshi wa petroli una ladha. Unakaa nyuma ya ulimi kama sarafu uliyoilamba utotoni, na maji hayauondoi. Juzi mchana umeme ulikatika katika nyumba ya wageni ninayoishi kwa sasa. Mhudumu akaivuta kamba ya jenereta mara tatu, mashine ikakohoa, ikashika, na ua mzima ukatetemeka. Nilikuwa nakunywa chai. Nikajikuta nimesimama, mkono wa kulia unatafuta spana mfukoni, na uso wangu umepata moto kwa aibu ambayo nilidhani imekwisha.

Msinicheke. Mimi ni mtu wa kuhamahama, shule niliiacha nikiwa gredi ya nane, na hata Kiswahili hiki ninachowaandikia nilikiokota baadaye njiani. Nikiwa mtoto nilikisikia tu. Baba akisema kwa Kiswahili cha Tanga, mimi namjibu kwa Kizulu.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, katika chumba cha nyuma cha mzee Alves, Mreno aliyehamia huko kutoka Msumbiji miaka mingi kabla sijazaliwa. Mbele ya chumba palikuwa na ua, na ua huo ndio uliotulisha. Mwaka uliotangulia umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu mjini kote, kila mwenye duka akanunua jenereta, na baada ya miezi michache kila jenereta ikawa mgonjwa. Baba alikuwa daktari wao. Waliomjua walimwita Fundi Bakari, na walimjua kwa jambo moja: mashine iliyopita mikononi mwake hukuisikia. Aliokota mitungi ya kuzimia moto iliyotupwa, akaitoboa, akapitisha bomba lenye matundu, akajaza sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, akafunga. Hiyo ndiyo sailensa yake. Alikuwa akisema, “Mashine ikipiga kelele, inamsengenya fundi.”

Ukimya huo haukuishia kwenye mashine. Mwaka uliotangulia ndio huohuo ambao watu waliwachoma wageni mitaani. Mama alimchukua mdogo wangu wakarudi Tanga, mimi nikabakishwa kwa sababu ya shule. Tangu hapo neno la Baba lilikuwa moja: punguza sauti. Kwenye teksi, punguza sauti. Dukani, punguza sauti. Simu ikilia tukiwa kwenye robot, taa za barabarani, tunasubiri kuvuka, aliizima bila kutazama ni nani. Nilimchukia kwa hilo. Nasema nilimchukia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitembea nyuma yake hatua tano ili watu wasijue ni baba yangu.

Upande wa pili wa ukuta wa mabati alikaa Mama Dlamini. Baba akijaribu jenereta ambayo bado haijafungwa sailensa, hata kwa dakika moja, mama huyo aliyapiga mabati kwa fimbo ya fagio.

“Hey wena, wewe fundi! Rudini na takataka zenu huko mlikotoka!”

Siku moja nilimjibu, kwa Kizulu kizuri kuliko cha wajukuu zake, kwamba mimi nilikotoka ni hospitali ileile walikozaliwa wao. Baba alinipiga kofi la vidole viwili mdomoni. Halikuuma. Kilichouma ni kwamba baadaye alikwenda kumwomba radhi, kofia mkononi. Mama Dlamini hakupokea. Alikwenda kwa mwenye nyumba, na mzee Alves akaja uani akiwa na ndara miguuni.

“Bakari, wewe ni mtu mzuri,” alisema, na Baba akainamisha kichwa, maana maneno ya namna hiyo hayaji na heri. “Lakini lalamiko moja tena, mwisho wa mwezi mnatoka. Chumba na ua.”

Wiki hiyohiyo akaja Thandeka.

Alikuwa msichana wa miwani mikubwa na viatu vya njano, aliyetumwa na watu waliokuwa wakiandaa maonyesho Marshalltown, katikati ya mji, katika ghala kuukuu lililo nyuma ya maofisi. Siku tatu za kusherehekea miji ya Afrika Magharibi: picha, muziki, mavazi, chakula cha Lagos, cha Accra, cha Dakar. Alikuwa amekaa Lagos mwezi mzima na alirudi amepagawa. Alitaka jenereta tisa zipangwe kwenye ua wa ghala na ziwashwe pamoja, watu wazisikilize kama wanavyosikiliza kwaya.

“Lagos ndivyo inavyoimba, Baba,” alimwambia.

Baba aliniuliza kwa Kiswahili, “Huyu ni mzima?”

Nikamjibu kwa Kizulu, ili Thandeka asikie, kwamba ni mzima kuliko sisi.

Lakini Baba aliipokea kazi, na nilijua kwa nini, kwa sababu alinieleza usiku ule akiwa amefurahi kama mtoto. Angezifunga zote tisa sailensa. Angemwalika mzee Alves aje Jumamosi saa kumi na nusu, asimame katikati ya mashine tisa zinazofanya kazi, na aweze kusikia saa yake ya mkononi. Baada ya hapo Mama Dlamini angeyapiga mabati mpaka achoke. Tungebaki na ua wetu. Alikwenda kumwalika mzee akiwa amevaa shati la Ijumaa.

Jumamosi ilifika. Ukutani walibandika picha kubwa za mabasi ya njano, za kinyozi chini ya mwavuli, za mama anayebeba mikate kichwani katikati ya magari. Wageni walitembea polepole na bilauri, wakiinamia picha za msongamano kana kwamba nje ya mlango, mtaani kwao wenyewe, hakukuwa na mama anayeuza mahindi. Saa tisa na nusu Baba akawasha mashine moja baada ya nyingine. Zikanguruma taratibu, kama paka tisa wamelala. Baba alikunja mikono, akatabasamu.

Thandeka alikuja anakimbia.

“Baba, sauti iko wapi?”

“Hiyo hapo.”

“Siisikii!”

“Ahsante,” alisema Baba.

“Eish, sijakusifu! Nataka zipige kelele. Nataka moshi. Watu wamekuja kuiona Lagos!”

Baba alinitaka nimtafsirie vizuri, asije akakosea. “Mwambie debe tupu ndilo linalovuma. Akitaka kelele, akanunue madebe.”

Nilitafsiri, na nikaongeza yangu: kwamba sailensa zinatoka kwa bolti mbili tu. Baba alilielewa neno bolti. “Punguza sauti, Zuhura,” alisema, mbele ya watu wote, mbele ya vile viatu vya njano. Kisha Thandeka akaamuru mashine zizimwe mpaka waelewane, Baba akatazama saa, akaenda kuswali alasiri msikitini, mitaa miwili kutoka pale.

Nisijitetee. Nilijua mzee Alves anakuja saa kumi na nusu. Ilikuwa saa kumi kasoro. Thandeka alichuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa upole kama naweza, kwa dakika kumi tu, halafu nizirudishe. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kama naweza kitu. Nikachukua spana namba kumi na mbili kwenye sanduku la Baba. Mabomba yalikuwa bado ya moto, nikayashika kwa gunia lililoloa. Bolti nilizipanga juu ya kitambaa jozi kwa jozi, kila jozi mbele ya mashine yake, kama alivyonifundisha. Halafu nikavuta kamba, moja, mbili, mpaka tisa.

Ndugu zangu, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ardhi ilitetemeka. Vioo vya ghala vililia. Moshi wa buluu ulipanda ukutani, na wageni wakamiminika uani wakipiga makofi, wengine wakicheza. Nikafungua mdomo nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyeniambia kitu, kwa sababu hakuna aliyenisikia. Mwanamume mmoja tu alikuwa ameziba masikio: Sunday, Mnigeria aliyeuza vipuri vya simu mjini na aliyemjua Baba. Alimsogelea Thandeka akamfokea sikioni, nami nilikuwa karibu.

“Dada, nimelipa nauli ya ndege kuikimbia sauti hii!”

“Kwa hiyo unajisikia nyumbani?” Thandeka alimuuliza, macho yanang'aa.

“Nyumbani kwetu aliye na pesa ananunua mashine isiyosikika!”

Dakika kumi zikawa ishirini, kisha zaidi. Nilipogeuka kutafuta saa, nilimwona mzee Alves amesimama mlangoni na tai shingoni. Alikuwa amevaa tai kwa ajili yetu. Nyuma yake, bega kwa bega naye, alikuwa Baba.

Baba hakukimbia. Alipita katikati ya watu akazima mashine moja moja, na kila moja ilipokufa watu walishangilia, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Alipozima ya tisa walimpigia makofi marefu. Akainama, akazitazama bolti zilivyopangwa juu ya kitambaa. Kisha akasimama wima.

“Bakari,” alisema mzee Alves, “ulinileta nisikilize hiki? Nani amezitoa hizo sailensa?”

Baba alitoa kitambaa mfukoni akaanza kujifuta mikono. Alijifuta kidole kimoja, akaenda cha pili, na cha tatu. Mikono ilikuwa safi. Alikuwa ametoka kutawadha. Nilidhani anatafuta Kiingereza. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, spana imo mfukoni mwa sketi, inaniunguza paja. Thandeka alitazama viatu vyake. Vidole kumi vilikwisha.

“Ni mimi,” alisema Baba. “Wenye kazi walitaka kelele.”

“Basi hata ukiahidi, pesa ikitajwa unageuka,” alisema mzee, bila hasira. Akalegeza tai. “Mwisho wa mwezi.”

Tulitoka mwisho wa mwezi. Mama Dlamini alisimama getini kutazama godoro letu likipita. Baba hakupata ua mwingine. Alifanya kazi kwenye kingo za barabara mjini, akisukuma zana zake kwenye kitoroli, akifukuzwa na polisi kona hii na kona ile. Miaka miwili baadaye mimi niliacha shule nikawa nakisukuma mimi, na tangu hapo miguu yangu haijakaa mahali.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alinificha, na niliwasimulia watu njiani hivyo: baba yangu alinibebea kosa. Hadithi hiyo ilinifaa. Ilimfanya yeye awe mwema na mimi niwe mtoto tu. Kisha nilipita Tanga, alikokuwa amerudi, kumwona. Alikuwa amezeeka, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na nikamwuliza kwa Kiswahili changu kipya kwa nini siku ile hakusema ukweli.

Alinitazama kama anavyotazama plagi iliyoungua.

“Kwani vidole kumi vilikuwa vichache?” aliuliza. “Nilikuwa nakusubiri useme.”